Siku Nyati Alipohudhuria Msiba Wake

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mmekuja na masikio au mmeyaacha nyumbani?

— Tumekuja nayo yote mawili!

Nikirusha neno?

— Tutalidaka!

Likiwadondoka?

— Tutaliokota, tutalipangusa!

Vizuri. Lutengano, wewe uliyekaa karibu na mtungi, sogea huku mbele. Hadithi hainywewi. Hutaki? Haya, kaa hapohapo.

Leo mna kazi ya kunisaidia. Kila nikiuliza, "Mama Sekela akasema?", ninyi mnajibu, "Ni baridi!" Tujaribu kidogo. Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Hapo sawa, tumeelewana.

Zamani, wanyama walipokuwa wakizikana na kuposana kama sisi, kulikuwa na milima yenye ukungu na mianzi mingi. Mvua zikianza, mianzi ya kule huchipua. Ukilikata chipukizi kwenye ncha na kulifungia mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi chenye tundu, maji yanaanza kudondoka. To. To. To. Maji hayo ndiyo ulanzi. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiuacha ulale unakuwa mkali, na anayeunywa ndiye analala badala yake. Mvua zikikatika, ulanzi nao umekwisha mpaka msimu mwingine.

Katika milima hiyo aliishi Nyati. Dume hasa. Pembe hivi, shingo hivi, na kifua ambacho ukikiona unampisha njia kabla hujaombwa. Mkewe aliitwa Mama Sekela, kwa sababu walikuwa na ndama wao wa kike, Sekela, ambaye bado alikuwa na manyoya laini mgongoni.

Nyati alikuwa na kazi moja. Kila alasiri kundi lilivuka mto kutoka malishoni, na mto ule wakati wa mvua una nguvu. Nyati anatangulia majini, anasimama katikati ya kivuko, anaukinga mkondo kwa ubavu wake, na kuwakazia macho Fisi na jamaa zake mpaka ndama wa mwisho apite. Nyati akiwepo, Fisi hukaa mbali akijifanya anatazama mawingu. Nyati asipokuwepo, Fisi hana habari na mawingu.

Msimu mmoja Nyati akaonja ulanzi. Akaonja ule mtamu. Gu-gu-gu-gu. "Mtamu!" Kesho yake akaonja uliolala. Gu-gu-gu-gu. "Huu sasa ndio wenyewe!" Akamaliza mbeta zake. Akamaliza za ndugu zake. Akaanza kuzunguka milimani na kumaliza za watu wengine, na kwa kuwa alikuwa na shingo hivi na pembe hivi, nani wa kumwambia acha?

Aliyeumia kuliko wote ni Pimbi. Pimbi mnamjua, yule kibonge mfupi asiye na mkia, anayeishi kwenye mawe na kupiga makelele, kwee, kwee! Alikuwa na mianzi yake michache chini ya mwamba. Aliigema kwa uangalifu, na alipenda kunywa kidogo wakati jua linapasha mawe. Basi kila akifungua mbeta anakuta tupu, na Nyati amesimama pembeni anajilamba midomo.

"Mtani, nimekunywia!"

Hapo kuna jambo inabidi niwaeleze. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Nyati walikuwa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukunyang'anya mboga mkononi, nawe unacheka. Mmoja akifa, watani wa upande wa pili ndio wanaokuja kumwigiza marehemu: wanatembea alivyotembea, wanasema alivyosema, mpaka waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Na anayekasirikia utani hutozwa faini. Faini anaichagua yule aliyekasirikiwa, na hakuna kubishana.

Kwa hiyo Pimbi hakuweza kukasirika. Alicheka meno ya mbele tu. "Hehehe, mtani wangu wewe." Kisha akaingia chini ya mwamba akakaa na hasira zake peke yake. Msije mkadhani alikuwa na huruma na mtu. Pimbi alikuwa na kiu.

Sasa turudi nyumbani kwa Nyati.

Asubuhi, Nyati akiamka, miguu ilimtetemeka. Alisimama akakaa, akasimama akakaa, mpaka apate kidogo cha kumshikilia. Majirani wakamuuliza mkewe, "Shoga, mbona mumeo anatetemeka?" Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Inawezekana, kule kuna baridi. Siku zikaenda. Macho ya Nyati yakawa mekundu, na kope zimevimba. "Shoga, mbona mumeo ana macho mekundu?" Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Halafu Nyati akaanza kutafuna kivumbasi. Yale majani yenye harufu kali, ya kufukuzia mbu. Asubuhi kivumbasi, mchana kivumbasi. Nyati na kivumbasi wapi na wapi? Ng'ombe gani wa porini anajali mdomo wake unanukaje? "Shoga, mbona mumeo siku hizi ananukia kama kitanda cha mzazi?" Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Lutengano, sijakusikia. Au umekauka koo? Haya, tuendelee.

Nyati alikuwa mcheshi, akawa hatabiriki. Leo anamwita Sekela, anamlamba kichwa, analia kwamba hakuna ndama kama yeye milima yote. Kesho ndama akisogea anapigwa kumbo mpaka anabiringika. Sekela akajifunza kutazama masikio ya baba yake kabla hajamwendea. Masikio yakiwa yamelegea, anageuka zake taratibu, anakwenda kusimama nyuma ya mama yake. Hakufundishwa na mtu. Mtoto wa kila mlevi anakijua kitu cha namna hiyo.

Mama Sekela aliyaona yote. Msiseme hakuona. Aliona, na moyo ulimuuma, kwa sababu alimpenda yule dume, alimpenda tangu siku alipomvusha mto akiwa mchumba. Akimuuliza, anajibiwa, "Unanihesabia?" Akinyamaza, Nyati mwenyewe anakuja kwa upole na kuapa.

"Mama Sekela, huu ni mchezo wa msimu. Mvua zikikatika, nimeacha."

Na mama wa watu akaamini. Hata mwanzi wenyewe huacha mvua zikikatika, kwa nini mume wake asiache?

Mvua zikakatika. Mianzi ikakauka. Nyati akaendelea kutetemeka, akaendelea kutafuna kivumbasi, na akaanza kuwa na shughuli nyuma ya kichuguu. Kila saa ana shughuli nyuma ya kichuguu. Mama Sekela akaenda kuchungulia akakuta mbeta zimefukiwa kwa majani, za zamani, zimechacha mpaka nzi wanazikwepa. Akazirudishia majani vizuri, ili majirani wasizione. Ndivyo alivyofanya. Hakuzimwaga.

Mvua zikarudi, na msimu wa pili Nyati hakungoja chipukizi lichomoze. Alikuwa analifuata ardhini kwa kwato.

Alasiri moja mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, yanavuma. Kundi likafika kivukoni. Nyati hayupo. Wakangoja. Nyati hayupo. Alikuwa nyuma ya kichuguu, amelala, mdomo wazi, koo linakoroma, khrrr, khrrr. Wakubwa wakaona jua linashuka, wakaingia majini wenyewe, ndama katikati. Ng'ambo ile Fisi akaacha kutazama mawingu.

Kwap!

Sekela alifika upande wa pili. Lakini mkia wake ulikuwa umebaki kipande, na kile kishungi cha nywele mwishoni kilikuwa kinywani mwa Fisi. Mama Sekela alimlamba kidonda mpaka damu ikakatika. Alikuwa anatetemeka yeye kuliko mtoto, na alilia bila sauti, kwa sababu alijua ingekuwa shingo. Majirani wakaja. "Jamani shoga, mkia wa mtoto umefanyaje?" Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Baridi imekula mkia! Sawasawa. Kwa kweli alisema ni miiba, lakini ninyi mmejibu vizuri zaidi.

Juu ya mwamba Pimbi alikuwa ameketi, na kutoka pale alikiona kivuko chote. Hakupiga kelele, hakushuka kugema siku ile. Ulanzi ukajaa kwenye mbeta ukamwagika chini, naye yuko juu ameshika tama.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Pimbi akatoka kwenye mawe akaenda nyuma ya kichuguu. Nyati alikuwa amelala. Pimbi akamwita, "Mtani!" Khrrr. Akamvuta sikio. Khrrr. Akapanda juu ya tumbo akarukaruka, pu, pu, pu. Khrrr. Akatafuta siafu mmoja mnene, akamtia Nyati puani. Nyati akapiga chafya, chya! Siafu akaenda zake. Khrrr.

"Basi," Pimbi akasema, "inatosha."

Akapanda mwamba mrefu kuliko yote akaweka mikono kichwani.

"Kwee! Kwee! Mtani wangu amekufa! Nyati amekufa! Njooni jamani, Nyati hayupo tena!"

Kundi lote likaja mbio. Ukoo wa Pimbi ukaja. Shangazi wa Nyati, bibi mkongwe mwenye pembe moja, akaja analia tangu mbali. Hata Fisi akaja, amejikunyata, anafuta macho makavu, anauliza kwa heshima maziko yatakuwa wapi na kama shimo litakuwa refu sana.

Mama Sekela akafika anahema. "Pimbi, unasema nini wewe? Mume wangu hajafa!"

"Kamwene, shemeji," Pimbi akamsalimu kwa huzuni. "Pole sana. Nimemwita, hakuitika. Nimempanda tumboni, hakugutuka. Nimemtia siafu puani, hakuamka. Kwetu sisi, asiyeamka kwa siafu ni marehemu. Kama si marehemu, wewe ndiye mwenye mume, tuambie. Mchana huu, mto umejaa, ndama wanangoja kuvushwa, dume zima limelala na haliamki kwa siafu. Ana nini?"

Watu wote wakamtazama Mama Sekela. Shangazi akaacha kulia ili asikie vizuri.

Mama Sekela akafungua mdomo. Akisema hajafa, ataulizwa basi ana nini. Na jibu la swali hilo alikuwa amelimeza misimu miwili. Akatazama chini, akamtazama Sekela na mkia wake, akatazama chini tena. Unajua alichagua nini? Alichagua ujane. Akakaa chini akaanza kulia, "Uuuuwi, mume wangu!"

Kwa hiyo msiba ukawa msiba. Kilio kikapanda, Fisi akiwa ndiye anayelia kwa sauti kuliko wote, na watani wakaitwa wafanye kazi yao.

Pimbi alikuwa tayari. Alikuwa amepinda vijiti viwili akavifunga kichwani kwa majani ya mwanzi, ndizo pembe. Akajaza kivumbasi mdomoni. Akasimama mbele ya wafiwa.

"Marehemu alikuwa anaamka hivi."

Akasimama, miguu ikamtetemeka, akakaa. Akasimama, ikamtetemeka, akakaa. Watu wakaanza kucheka. Ndiye yeye kabisa!

"Marehemu alikuwa anakwenda kazini hivi."

Akatembea kwa mikogo kuelekea kivukoni, akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akazunguka kwa ncha za vidole mpaka nyuma ya jiwe. Gu-gu-gu-gu! Watu wakashika mbavu.

"Na marehemu alikuwa anaapa hivi. 'Naapa kwa pembe za baba yangu, hii ndiyo ya mwisho!' Gu-gu-gu. 'Ile ilikuwa ya kabla ya mwisho. Hii ndiyo ya mwisho!' Gu-gu-gu."

Kicheko kikawavunja watu mbavu. Na katikati ya kicheko wakaanza kuulizana. "Kumbe na wewe ulimwona nyuma ya kichuguu?" "Mimi nilimwona tangu mwaka jana." "Mimi nilikuwa nasikia pumzi yake, nikaona haya kusema." "Mimi nilimkuta analamba mbeta tupu, nikapita njia nyingine." Kila mmoja alikuwa na kipande chake amekifungia moyoni, akidhani ni heshima. Mama Sekela alikuwa anawasikia. Naye alikuwa amecheka pamoja nao, masikini, kicheko kilimponyoka, kwa sababu Pimbi alimpatia haswa.

Ndipo Pimbi akavua zile pembe, akachomeka ua sikioni, akabinua shingo kwa madaha.

"Na mjane alikuwa anasema hivi. 'Miguu? Ni baridi tu, mashoga zangu. Macho? Ni baridi. Mkia wa mwanangu? Msijali, msijali, ni baridi!'"

Kicheko kikakatika. Mama Sekela aliinuka kwa hasira, akachimbua bonge la udongo kwa kwato, akamtupia. Pu! Likampata Pimbi begani. Akaliokota lile bonge akaliweka pembeni, mahali ambapo kila mtu analiona.

Wakati huo makelele yalikuwa yamemwamsha Nyati. Akaja anapepesuka, jicho moja limefumba.

"Kuna nini hapa?"

"Msiba," Shangazi akasema. Alikuwa bibi mkongwe, lakini alikuwa ameshaelewa mchezo.

"Nani amekufa?"

"Baba Sekela."

Nyati hakuuliza zaidi. Akajitupa chini, kishindo, akaanza kulia. "Baba Sekela! Dume la madume! Tulikuwa tunakunywa wote!" Akalia, akalia, kisha akainua kichwa. "Na ulanzi wa msiba mmeuweka wapi?"

Pimbi akavaa pembe zake akarudia maigizo tangu mwanzo. Miguu ikatetemeka. Kivumbasi kikatafunwa. "Hii ndiyo ya mwisho!" Gu-gu-gu. Nyati alicheka mpaka akabingirika. Alicheka peke yake, na hakugundua kwamba alikuwa anacheka peke yake.

"Alikuwa mlevi huyo!" akasema huku akifuta machozi. "Hata mimi simfikii! Na mkewe alikuwa haoni?"

Watu wakamgeukia Mama Sekela.

"Na watoto je? Alikuwa na watoto?"

Sekela akatoka nyuma ya mama yake. Kwanza akayatazama masikio ya Nyati. Kisha akasogea hatua, akageuka, ule mkia uliobaki kipande ukawa mbele ya macho ya baba yake.

"Alikuwa naye mmoja," akasema Sekela.

Nyati akautazama ule mkia. Akautazama sana. Hakuwa ameuona kabla ya hapo. Mkia ulikuwa umekatika tangu jana, alikuwa amelala nyumba moja na mtoto huyo, na hakuwa ameuona. Pombe ikamtoka kichwani ghafla, na kilichobaki mle ndani kilikuwa kibaya, na hakuweza kukaa nacho. Kwa hiyo akamtafuta Pimbi.

"Wewe!" Akakwaruza ardhi, kwaru, kwaru. Akainamisha pembe. Akaja, gubu-gubu-gubu-gubu! Pimbi akangoja, akangoja, kisha akaponyoka akaingia chini ya mwamba.

Gong!

Mwamba ulibaki vilevile. Nyati akakaa chini akitazama nyota mchana. Na kutoka chini ya mwamba ikasikika sauti ndogo, tena yenye furaha.

"Mtani amekasirika! Mmeona wote? Na mkewe naye alikasirika, bonge lake lile pale! Shangazi, sema wewe. Utani umevunjwa au haukuvunjwa?"

"Umevunjwa," Shangazi akasema. "Chagua faini."

Pimbi akatoa pua nje. "Ya Nyati hii hapa. Mbeta zake zote ni zangu, na za kwenye kichuguu, na mianzi yake yote kuanzia leo. Asiiguse. Na kila alasiri asimame kivukoni, akiwa anatetemeka au hatetemeki, kila mtu amwone." Akakohoa kidogo. "Ya shemeji ni ndogo. Asimsemee tena mumewe. Akiulizwa, ajibu kilichopo."

Mama Sekela akaona ya mumewe ndiyo nyepesi.

Fisi alikuwa bado anangoja. "Kwa hiyo hakuna maziko?" akauliza. Shangazi akamwonyesha ile pembe moja, na Fisi akakumbuka ana shughuli kwingine.

Msidhani Nyati aliamka kesho yake mzima. Alitoka jasho, alitapika, aliona siafu wakati siafu hawapo, na alimtukana kila mtu aliyempelekea maji. Madume wengine walikuja kusimama naye mtoni, mmoja huku mmoja huku, wakimwegemea ili asianguke. Siku moja, mvua ikinyesha vizuri na mianzi inasema to, to, to, akatoroka. Wakamkuta kesho yake asubuhi, mdomo unanuka, kichwa chini.

Majirani wakaenda kwa mkewe. "Shoga, mbona mumeo leo yuko vile?" Mama Sekela akasema?

— Ni baridi!

Hapana. Siku hiyo hakusema hivyo. Aliwatazama usoni. Halafu akasema, "Jana alikunywa. Ulanzi umemshinda, na mimi peke yangu nimeshindwa. Naombeni mje msimame nasi."

Wakaja. Sio wote, lakini walikuja. Alasiri hiyo Nyati akaingia majini, miguu inatetemeka, kundi zima linaona. Fisi alikuwa ng'ambo. Alimtazama Nyati, akawatazama waliokuwa naye, kisha akainua uso akaanza kutazama mawingu. Ndama wakapita mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Sekela. Alipofika katikati akayatazama masikio ya baba yake, akayaona yamesimama, akapita akijisugua ubavuni mwake.

Hapo ningemaliza, lakini mtauliza Pimbi je. Pimbi alipata mianzi yote. Yake na ya Nyati. To-to-to-to, usiku na mchana, na hakuna wa kumnyang'anya. Siku hizi haonekani sana. Watu wanasema asubuhi anashindwa kupanda mwamba, na anatafuna jani moja hivi lenye harufu kali. Wamemuuliza mkewe, "Shoga, mumeo ana nini?" Na mke wa Pimbi akasema?

— Ni baridi!

Nani kawaambia? Mimi sijasema. Kumbe mnajua.

Basi funzo la hadithi yangu ni hili, lishikeni vizuri: mambo ya nyumba za watu hayatuhusu. Ukimwona umpendaye anatetemeka asubuhi, mfunike blanketi. Ukimkuta anaficha kitu nyuma ya kichuguu, mrudishie majani. Usiulize, usiambie mtu, na tunza sana heshima. Mkia ukikatika, utaota mwingine.

Neno langu nimelirusha.

— Tumelidaka!

Mliolidondosha?

— Tumeliokota!

Basi nendeni nalo, mimi nimebaki mikono mitupu. Nyanyukeni, mwende salama.

Wewe Lutengano, ngoja kidogo. Weka chini hicho kikombe, kinamwagika, mkono wako haujatulia. Hapana, usinijibu sasa. Waache wenzako waondoke kwanza, halafu nitakusindikiza nyumbani, tukaongee mimi na wewe na mama yako.